KITALE NA BUNGOMA: KUHIFADHI HABARI ZA KALE

Watu wengi hudhani ya kuwa mahali pasipo vitabu hapana historia. Sivyo. Katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, tangu Kitale hadi Bungoma, habari za kale zimehifadhiwa kwa njia mbili: nyingine zimo katika makabati ya vioo, na nyingine zimo vinywani mwa wazee. Kila njia ina nguvu zake na upungufu wake, na yafaa zote mbili zijulikane, maana zote mbili zaweza kupotea.

Njia ya kwanza yaonekana Kitale. Mwaka 1926, ambao reli pia ilifika mji huo, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza, alianzisha makumbusho yake mwenyewe. Alikusanya wadudu, vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji, na hakuacha kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1966. Katika wasia wake aliiachia nchi ya Kenya mali hiyo yote. Jumba jipya likajengwa mjini Kitale, na mwaka 1974 likafunguliwa likiwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya.

Lakini kipepeo hakisemi. Mtungi uliomo kabatini hauelezi ni nani aliyeufinyanga, wala ni pombe ya sherehe gani iliyotiwa ndani yake. Kwa sababu hiyo zilijengwa katika uwanja wa makumbusho nyumba za desturi za watu wa magharibi, ili watoto wa shule waingie na kuona jinsi wazazi wa zamani walivyokaa. Ipo pia njia ya miguu ipitayo katika msitu wa miti ya asili, ambamo mwanafunzi huweza kujifunza miti kwa macho yake mwenyewe.

Njia ya pili yaonekana Bungoma, juu ya kilima cha Chetambe, karibu na mji wa Webuye. Mtu apandaye kilima hicho haoni jumba wala kabati. Hapo palikuwa na ngome ya handaki na boma la udongo. Mwaka 1895 askari waliotumwa kwa Wabukusu kutafuta bunduki waliuawa. Ndipo Bwana C. W. Hobley, mtawala wa Kiingereza aliyekaa Mumias, alipokuja na askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiganda. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, na kisha Chetambe. Wenyeji walipigana kwa mikuki na mishale, na wengi waliuawa.

Habari hizo hazikusahauliwa. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake wengi mpaka Chetambe kuwakumbuka waliokufa pale. Mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo, na Masinde mwenyewe akakamatwa. Hapana aliyekuwa amewasomea watu hao kitabu juu ya vita vya mwaka 1895. Waliisikia habari hiyo kutoka kwa baba na babu zao.

Mtu aweza kuuliza: habari isiyoandikwa itajulikanaje ni ya mwaka gani? Wabukusu wana kalenda yao, nayo ni marika ya tohara. Majina ya marika ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Tohara hufanyika kila baada ya miaka miwili, na kila jina hushika miaka kumi au zaidi. Majina yakiisha huanza tena, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 100. Mzee akisema kwamba babu yake alikuwa wa Kolongolo, msikilizaji ajua ya kuwa alitahiriwa karibu na mwanzo wa karne ya 20. Lakini lazima aulize ni Kolongolo wa mara ya ngapi, maana jina hilo limerudi tena mwanzoni mwa karne ya 21. Asiyeuliza atakosea kwa miaka 100.

Tena liko jambo la ajabu katika majina hayo. Wasabaoti, ambao ni Wakalenjini wa Mlima Elgon, wanayo majina ya marika yanayofanana sana na ya Wabukusu: Maina ni Maina, Chuma ni Chumo, Sawa ni Sowe. Lugha za watu hawa wawili hazina udugu, bali kalenda zao zina udugu. Hiyo ni dalili ya kwamba wazee wao walikaa jirani, wakaoana na kufundishana tangu zamani sana. Hata jina la Bungoma husemwa kuwa limetoka kwa Wabongomek, ambao ni watu wa ukoo wa Wasabaoti.

Jambo hili si la kuburudisha tu. Katika miaka ya 1991 na 1992, na tena tangu 2006 hadi 2008, damu ilimwagika katika nchi hii kwa ugomvi wa ardhi, na katika ugomvi wa namna hiyo kila upande huleta historia yake kama shahidi. Hata juu ya Chetambe yako maneno: Watachoni husema ngome ilijengwa na mzee wao, ambaye jina lake ndilo jina la kilima, na Wabukusu huihesabu kuwa ni ya vita vyao. Historia isikilizwayo upande mmoja huwa silaha. Isikilizwapo pande zote huwa daraja.

Kwa hiyo kazi ya kukusanya habari haihitaji fedha nyingi, bali yahitaji uaminifu. Mwalimu na wanafunzi wake, kanisa, msikiti au chama cha akina mama chaweza kuianza. Kwanza, yaandikwe jina la mzee, ukoo wake na rika lake. Pili, maneno yake yaandikwe katika lugha yake mwenyewe, yasipambwe. Tatu, habari ile ile iulizwe kwa watu wa kabila jingine, na kwa akina mama pia, kwa kuwa wao hukumbuka njaa, ndoa na uhamaji ambao wanaume husahau. Nne, nakala ipelekwe mahali pa salama.

Sheria nayo inasaidia. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yaruhusu mahali pa kale kutangazwa katika Gazeti la Serikali ili palindwe, na Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya makumbusho. Lakini sheria hailindi handaki lisilojulikana na mtu. Mvua hulijaza udongo, jembe hulisawazisha, na mzee aliyelijua huzikwa pamoja na maneno yake. Kabati la Kitale laweza kungoja mwaka mwingine, mzee hangoji.