Mahamri kwa Mbaazi: Kwa Nini Moyo Hauhesabu Kila Wanga Sawa

Sahani ya mahamri kwa mbaazi, kiamshakinywa kinachouzwa kila pembe ya Kaunti ya Kilifi kuanzia Mtwapa hadi Malindi, ina aina mbili za wanga zinazofanya kazi tofauti kabisa mwilini. Hamri limekandwa kwa unga mweupe wa ngano na sukari, kisha likakaangwa. Mbaazi ni punje nzima, pamoja na ganda lake. Vyote viwili huitwa chakula cha kutia nguvu. Lakini kwa mtu mwenye presha, au aliyeshuhudia jamaa yake akianguka kwa kiharusi, tofauti kati ya viwili hivyo inafaa kueleweka.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Wanaogunduliwa kuwa na tatizo hilo kwa kawaida hushauriwa wapunguze chumvi na mafuta, na ushauri huo ni sahihi. Shida huja pale mgonjwa anapoacha nyama yenye mafuta, kisha akajaza nafasi yake kwa mkate mweupe na chai ya sukari nyingi, akiamini ameulinda moyo wake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walilichunguza jambo hilo hilo katika taarifa za wauguzi na wahudumu wengine wa afya waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliokula mafuta yanayoganda kwa kiasi kidogo na badala yake wakala nafaka zisizokobolewa walikuwa na hatari ndogo zaidi ya maradhi ya moyo. Wale ambao badala yake walikula wanga uliokobolewa na sukari hawakuonekana kupata nafuu.

Kinachotokea baada ya kumeza

Wanga ukifika tumboni huvunjwavunjwa kuwa sukari, nayo sukari huingia kwenye damu. Hilo hutokea kwa wali, sima, muhogo, mkate na ndizi. Kinachotofautiana ni kasi, pamoja na kile kinachoandamana na wanga huo.

Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini, na sehemu nyeupe iliyojaa wanga. Mahindi yanapokobolewa, ganda na sehemu kubwa ya kiini huondolewa, na kinachosagwa ni ile sehemu nyeupe. Pumba inayobaki huuzwa kuwa chakula cha kuku na ng'ombe. Humo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuisaga. Kwa maneno mengine, mara nyingi mifugo hupewa sehemu inayofaa moyo, na watoto wakapakuliwa ile nyingine.

Unga mweupe na laini husagwa haraka tumboni, na sukari ya damu hupanda kwa kasi. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi ili kuiondoa. Sukari isiyotumika, hasa kwa mtu anayeshinda ameketi, hugeuzwa na ini kuwa mafuta yanayozunguka katika damu na kujilimbikiza kiunoni. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, mafuta hayo ya damu huongezeka, kolestro njema inayosaidia kusafisha mishipa hupungua, na mwili huanza kutoisikia insulini. Hapo kisukari, presha na mishipa iliyoziba huanza kuandamana.

Nyuzinyuzi hufanya kinyume. Hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, hivyo sukari huingia kwenye damu polepole. Zile zinazoyeyuka majini, ambazo zimo kwa wingi katika mbaazi, kunde, maharagwe na matunda, hunasa nyongo ndani ya utumbo na kutoka nayo. Ini hutumia kolestro kutengeneza nyongo, kwa hiyo hulazimika kuvuta kolestro nyingine kutoka kwenye damu ili kufidia iliyopotea. Ndivyo bakuli la mbaazi linavyoshusha kolestro mbaya, kidogo kidogo, kila linapoliwa.

Daktari wa Mulago

Si watu wengi wanaojua kwamba sehemu ya elimu hii ilianzia Afrika Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na kisha Uganda kwa takriban miaka 30 kuanzia 1929. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika hivi kwamba mwaka 1956 mgonjwa mmoja tu alitosha kuandikiwa makala ya kitabibu. Baadaye Trowell na mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, walidai kwamba vyakula vya wenyeji vyenye nyuzinyuzi nyingi vilikuwa sehemu ya sababu. Mwaka 1975 walichapisha kitabu kilichoyahusisha maradhi mengi na wanga uliokobolewa.

Dai lao peke yake halikuwa ushahidi wa kutosha. Watu wa wakati ule walitembea sana, walilima kwa jembe na wengi wao hawakuvuta sigara za dukani. Ushahidi mzito zaidi ulipatikana mwaka 2019, pale jarida la Lancet lilipochapisha mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani. Tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa muda mrefu zilijumlishwa pamoja na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi kwa wingi, wakilinganishwa na waliokula kidogo, walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 15 hadi 30 wa kufa kutokana na maradhi ya moyo na mishipa. Kiwango kilichoonekana kufaa zaidi kilikuwa gramu 25 hadi 29 kwa siku. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanywa katika nchi tajiri, na hilo ni pengo. Hata hivyo, nyongo na kolestro hazibadilishi tabia kwa kuvuka mpaka.

Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na wanga wake utoke hasa kwenye nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga na matunda. Muhogo na viazi havihesabiwi kuwa mboga katika gramu hizo 400.

Hesabu ya sukari

Kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa ambacho shirika hilo linashauri ni takriban vijiko 12 vya chai kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi isizidi sita. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja tayari vimefika sita, ikiwa vijiko havikujazwa kilima. Soda ya mililita 300 ina takriban vijiko vinane. Jumla ni 14, na mahamri bado hayajahesabiwa. Sharubati nayo imo katika hesabu, kwa sababu tunda likisagwa na kuchujwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio na sukari hubaki kwenye glasi. Chungwa lililotafunwa halimo.

Sukari ya kwenye kinywaji ndiyo rahisi kuanza nayo. Anayezoea vijiko vitatu akipunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea.

Jikoni

Kikombe kimoja cha mbaazi, kunde au maharagwe yaliyopikwa kina nyuzinyuzi gramu 11 hadi 15. Kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu moja. Kwa hiyo sahani ya wali haihitaji kufutwa mezani. Inatosha wali upungue, mbaazi au kunde ziongezwe, na mchicha upewe nafasi yake. Tui liwe jepesi, kwa kuwa tui zito lina mafuta yanayoganda, na hiyo ni mada inayostahili makala yake yenyewe.

Kwa sima, unga wa mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa ndio bora. Unaweza kuchanganywa na mtama au wimbi kwa kuanzia na robo, ili watoto wasiugomee. Unga wa pakiti una faida yake: tangu 2012 sheria inawataka wasagaji kuuongezea vitamini na madini. Nyuzinyuzi zilizoondolewa, hata hivyo, hazirudishwi. Jambo la tahadhari kwa anayesaga mahindi mazima ni kwamba yawe yamekauka vizuri na hayana ukungu. Sumu ya aflatoksini hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na haiondoki kwa kupikwa.

Muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha viko katikati: si wanga uliokobolewa, lakini ni wanga mwingi. Kipande cha muhogo wa kuchemsha badala ya hamri la tatu ni badiliko zuri. Muhogo wa kukaanga na chumvi ya pilipili si badiliko.

Mkate wa rangi ya kahawia usinunuliwe kwa rangi pekee, maana mingine hutiwa rangi tu. Karatasi yake isomwe: unga wa ngano nzima uwe wa kwanza katika orodha ya viungo. Asiyezoea nyuzinyuzi aongeze polepole na anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Wanaotumia dawa za kisukari wanapaswa kumweleza daktari au mhudumu wa kliniki kabla ya kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi kipimo cha dawa kikibaki kilekile. Wenye maradhi ya figo pia waulize kwanza kuhusu maharagwe na nafaka nzima. Dawa za presha zisiachwe kwa sababu ya chakula, hata kipimo kikirudi kuwa kizuri.

Presha hupimwa katika zahanati na vituo vya afya. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba nao walianza kupewa mwaka 2023 mikoba yenye mashine ya kupimia presha na sukari. Kabla ya kupimwa, mtu akae ametulia kwa dakika tano, na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Kipimo cha 140 juu au 90 chini, au zaidi ya hapo, kikirudiwa siku nyingine na kisibadilike, kinahitaji matibabu.