Yai Bichi na Sauti ya Kijana

Warsha ya muziki ya vijana huhitaji chumba, mtu anayejua kufundisha, na saa mbili ambazo hakuna anayehitajika shambani. Katika kata ya milimani kama Mgwashi, huko Usambara upande wa Bumbuli, mahitaji hayo si makubwa. Madarasa ya shule ya msingi hubaki matupu jioni, likizo za Juni na Desemba huwaacha vijana nyumbani, na ngoma mbili, dufu, kayamba na kinanda cha betri vinatosha kuanzia. Kinachopungua zaidi ni kuelewa warsha hiyo ni ya kazi gani. Upungufu huo hujitokeza katika swali ambalo walimu wa muziki wa vijana wameulizwa hadi wamechoka: kijana anywe nini ili apate sauti?

Majibu ya mtaani yako tele. Yai bichi alfajiri, kabla ya kuonja kitu kingine. Tangawizi mbichi ya kutafuna. Asali kwa limau. Kitunguu saumu kwa wenye moyo. Kwaya hukosa mtu wa kupiga kinanda, lakini bingwa wa dawa za sauti hakosekani, na mara nyingi bingwa huyo ndiye anayepewa vijana wapya awaandae.

Dawa zote hizo zina kasoro moja inayozimaliza kwa pamoja: hazifiki zinakotumwa. Sauti hutokea kwenye zoloto, mlangoni mwa njia ya hewa. Humo mna mikunjo miwili midogo, nyuzi za sauti, yenye urefu wa kama milimita 17 hadi 25 kwa mwanamume mzima, na pungufu ya hapo kwa mwanamke. Hewa inayotoka mapafuni hupenya katikati yake na kuitikisa, kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa sekunde mwanamume anapozungumza, na karibu mara 200 kwa mwanamke. Nyuma ya zoloto iko njia nyingine kabisa, umio, inayopeleka chakula tumboni. Mtu anapomeza, zoloto hupanda, kifuniko chake huinama, na nyuzi zenyewe hubana ili hata tone lisipenye. Yai hupita mlango wa pili. Tangawizi vilevile. Aliyewahi kupaliwa na chai anajua hali inavyokuwa kitu kinapogusa nyuzi za sauti. Hajawahi kupatikana mtu aliyepaliwa kisha akaimba vizuri zaidi.

Mtetezi wa tangawizi hujibu kwamba yeye ameijaribu na imefanya kazi. Ukweli ni kwamba kuna kilichofanya kazi, ila si tangawizi. Kinywaji cha moto hupasha koo joto na kumfanya mwimbaji ajisikie mwepesi, jambo zuri kwenye baridi ya Juni na Julai. Wakati huohuo ameshaimba nyimbo mbili za kupasha moto, pumzi imetulia na woga umepungua. Sifa zote zinaenda kwenye kikombe. Angekunywa uji wa moto angesema ni uji. Pipi kali za kikohozi ni mbaya zaidi kuliko tangawizi, kwa sababu hutia koo ganzi: mwimbaji haumii tena, kwa hiyo anaendelea kulazimisha sauti ambayo ilikuwa inamwomba apumzike. Ama yai bichi, linaweza kubeba bakteria wa salmonela, na kijana anayeharisha haimbi besi wala teno. Lichemshwe, liliwe kama chakula.

Vitu viwili tu kati ya vile vinavyosifiwa vina msingi. Mvuke hupita njia ya hewa, hivyo hufika kwenye nyuzi na kuzilainisha kwa muda. Maji husaidia pia, lakini kwa kuzunguka: hupitia tumboni na kwenye damu kwanza, ndiyo maana chupa inayogugumiwa dakika moja kabla ya kupanda jukwaani haisaidii lolote isipokuwa kumtafutia mwimbaji choo. Maji ya sauti hunywewa kutwa nzima.

Lakini madhara makubwa ya yai hayako tumboni. Yako katika wazo linaloambatana nalo: kwamba sauti ni kitu ambacho mtu anacho au hana, na asiye nacho atiwe mwilini kwa kinywa. Wazo hilo ndilo linaloendesha mchujo wa siku ya kwanza, pale vijana 30 wanapopangwa mstari, kila mmoja anaimba peke yake mbele ya wenzake, na 18 wanarudishwa nyumbani na kauli fupi, “huna sauti.” Warsha iliyokusudiwa kuwapa vijana kujiamini imeanza kwa kuwanyang'anya wengi wao kile kidogo walichokuja nacho. Kisha ripoti huandikwa kwamba waliobaki wamefurahi sana.

Kuna watu ambao ubongo wao hautofautishi sawasawa kupanda na kushuka kwa sauti za muziki. Hali hiyo huitwa amyuzia, na utafiti wa Isabelle Peretz na Dominique Vuvan uliochapishwa 2017, kwa kutumia majibu ya watu 20,000, uliikuta kwa asilimia 1.5 tu. Katika vijana 30 wa kijiji kimoja huenda asiwepo hata mmoja. Wengine wote wanaoimba “nje ya ufunguo” wanasikia vizuri. Kinachowashinda ni kulenga. Sikio limeipata sauti, misuli haijajua iifuate vipi. Huo ni ufundi, na hufundishika kama kusuka ukili. Msichana anayemwita mwenzake kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili, akaitikiwa, ana pumzi, ana nguvu na ana sauti. Hajawahi kuambiwa atulie kwenye nota moja na kuisikiliza, basi.

Kundi linaloumizwa zaidi na mchujo ni wavulana wa miaka 12 hadi 15, na hapa ndipo ujinga wa mabingwa unapogharimu. Katika umri huo zoloto hukua kwa kasi, nyuzi hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa karibu oktava moja ndani ya miezi michache au zaidi ya mwaka. Katikati ya safari hiyo hupasuka, hukwama, hukimbia juu na kuanguka bila taarifa. Mvulana aliyekuwa akiongoza nyimbo darasa la tano anajikuta hawezi kufikia nota tatu za juu. Wenzake wanacheka. Mwalimu asiyejua anamwambia ameharibu sauti. Anayejifanya kujua anamwagiza yai. Kumbe hajaharibu chochote: chombo chake kinabadilishwa akiwa bado anakitumia. Anachohitaji ni wimbo uliobanwa ndani ya nota tano anazozimudu, ushushwe ufunguo, na aambiwe mapema kwamba hali hiyo itapita. Wasichana nao hubadilika, kwa kiasi kidogo, na sauti zao huwa na pumzi nyingi kwa muda. Hao husahaulika kwa sababu hawapasuki kwa kelele.

Kujiamini kunajengwaje, basi? Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza vyanzo vinne katika makala yake ya 1977, na mpangilio wake wa nguvu bado unatumika: kwanza kufanikiwa katika jambo gumu kwa juhudi yako mwenyewe, pili kumwona mtu kama wewe akifanikiwa, tatu maneno ya kutiwa moyo, nne hali ya mwili, kama moyo kwenda mbio au kutulia. Warsha nyingi hukaa kwenye chanzo cha tatu. Vijana hupigiwa makofi, huambiwa wao ni nyota, hurudi nyumbani, na baada ya wiki sifa zimeyeyuka kwa sababu hazikushikwa na kazi yoyote. Muziki una faida ambayo hotuba haina: hugawanyika. Wimbo mgumu hukatwa vipande vya sekunde 10, kila kipande hushindikana, kisha huwezekana, na kijana mwenyewe anasikia tofauti bila kuhitaji kuambiwa.

Solfa, ambayo wanakwaya wengi huidhania kuwa ni desturi ya kanisa tu, ilibuniwa kwa kazi hiyohiyo. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich nchini Uingereza, aliitengeneza katika karne ya 19 ili watoto wa kawaida wajifunze kuimba kwa herufi badala ya mistari na vitone, na John Curwen akaisambaza kwa wafanyakazi wasioweza kumlipa mwalimu wa muziki. Ni chombo cha wanaosemekana hawana kipaji. Kuitumia kuwachuja watu ni kushika jembe kwa makali.

Upande wa ustawi, muziki wa pamoja una nguvu ambayo shughuli nyingine hazina kwa kasi ileile. Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar walifuatilia madarasa ya watu wazima nchini Uingereza kwa miezi saba na kuchapisha matokeo 2015. Waliojifunza kuimba, kazi za mikono na uandishi wote waliishia kuwa karibu na wenzao kwa kiwango kimoja. Waimbaji walifika mapema zaidi. Kwa warsha ya wiki mbili za likizo, mapema ndiyo kila kitu. Washambaa hawakusubiri maabara kulijua hilo: katika ngoma yao ya mdumange, na katika nyimbo nyingi za pwani na bara, kiongozi hutoa na umati huitikia. Anayeitikia anakosea ndani ya wengi, haonekani, na baada ya mizunguko kadhaa hakosei tena. Muundo huo ni mwalimu bora kuliko mstari wa mchujo.

Muziki usiahidiwe yasiyo yake. Hauongezi alama za hisabati: uchambuzi wa Giovanni Sala na Fernand Gobet wa 2020, uliojumlisha tafiti 54 zenye watoto karibu 7,000, haukuona faida ya maana kwenye akili wala masomo pale tafiti zilipofanywa kwa umakini. Wala kusikiliza Mozart hakumfanyi mtu kuwa na akili zaidi. Jaribio la 1993 lililozaa uvumi huo lilihusu wanafunzi 36 wa chuo na athari iliyodumu kama robo saa. Wala muziki si matibabu: kijana aliyejitenga na watu kwa wiki kadhaa, halali, hali, anahitaji kupelekwa kituo cha afya, na kwaya imsubiri.

Mengine ni ya kupanga. Mchujo ufutwe, anayekuja aingie. Vijana 20 hadi 25 kwa mwalimu mmoja wanatosha. Mahali pawe shuleni: Mgwashi na vijiji jirani vina Waislamu na Wakristo, na warsha ikiwa kanisani au madrasa, nusu ya vijana imeshabaki nje kabla ya wimbo wa kwanza. Mashehe na wachungaji waombwe ridhaa mapema, kaswida na kwaya zisiwekwe kwenye mashindano, na wimbo wa kwanza uwe wa Kishambaa unaojulikana na wote. Muda uishe jua likiwa bado lipo, la sivyo wasichana hawatarudi siku ya pili, na ratiba isigombane na kupanda wala kuvuna. Ala zizunguke, asiwepo mwenye ngoma yake. Dakika 10 za mwanzo ni za pumzi na sauti za chini, bila kupiga kelele. Uimbaji wa peke yake uwe wa hiari, usianze kabla ya wiki ya pili. Onyesho la mwisho liwe fupi, mbele ya wazazi, bila zawadi kwa mshindi. Fedha zikipatikana zilipe nauli na posho ya mwalimu aliyesomea, si spika. Wenye mafunzo hutoka Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Usa River, au Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, kinachofundisha tangu 2002. Mwalimu wa kwaya wa kijijini akae naye mwanzo hadi mwisho, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na vijana mgeni akishaondoka.

Sauti inayokwaruza siku mbili baada ya mazoezi hupumzishwa kwa kimya, wala si kwa kunong'ona, maana watu wengi hubana koo wanaponong'ona. Ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 4 bila mafua, kijana akaonwe hospitalini. Ya Bumbuli ndiyo ya jirani.