Taarifa ya Hitilafu Kutoka Mutomo

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, kila mtu akaweza kuusoma, kuutumia na kuubadilisha kwa masharti ya leseni yake. Leseni hizo karibu zote zina kifungu kinachosema kwamba programu inatolewa jinsi ilivyo, bila dhamana. Kwa hiyo mtumiaji anayekuta hitilafu hana risiti ya kumwonyesha muuzaji, na mara nyingi mtengenezaji naye hana mteja wa kumlipa. Kinachowaunganisha ni maneno wanayoandikiana. Maneno yakiharibika, hitilafu hubaki pale pale.

Katika kaunti za Kitui na Makueni, Ukambani nchini Kenya, kazi ya namna hii, ya kusaidiana bila malipo, ina jina: mwethya. Majirani hukusanyika na majembe yao kuchimba matuta au kujenga bwawa la mchanga, wala hakuna anayewasimamia kama vibarua. Mwenye shamba akiwafokea kwamba wamechelewa, siku nyingine atachimba peke yake. Lakini anayeteka maji bwawani kila asubuhi ndiye huona ufa kabla ya fundi, na fundi anayemnyamazisha eti hajui ujenzi atakuja kukuta ukuta umelala. Ndivyo ilivyo kati ya mtumiaji na mtengenezaji wa programu.

Kenya imo katika programu huria tangu zamani. OpenMRS, mfumo wa kutunza rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 ukiwa na mizizi Eldoret. Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi, ilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. DHIS2, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ilianza kupokea takwimu za afya za nchi nzima mwaka 2011. Lakini iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida ni eCHIS, programu iliyo katika simu za wahudumu wa afya ya jamii. Serikali ilizindua rasmi kikosi cha wahudumu hao wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, na wa Kitui na Makueni wamo. eCHIS imejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria inayotunzwa na Medic, shirika lisilo la faida. Waandishi wake wengi wa msimbo wameajiriwa. Mtumiaji ndiye aliye karibu na kujitolea: posho ya mhudumu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Mhudumu huyo hakuichagua programu, na mara nyingi hajui kwamba msimbo wake uko wazi. Tuseme yuko kijijini upande wa Mutomo, katika kaunti ya Kitui, ametembelea boma lenye mtoto mwenye homa. Anajaza fomu, anabonyeza kitufe cha kuwasilisha, na duara linazunguka bila kukoma. Anamwambia msimamizi wake kwa Kikamba. Msimamizi anaandika kwa Kiswahili katika kundi la WhatsApp la kaunti ndogo: “Apu imekataa.” Kutoka hapo habari inapanda hadi makao ya kaunti, kisha wizarani, na inapomfikia mwandishi wa msimbo imegeuka kuwa sentensi moja ya Kiingereza inayosema mfumo haufanyi kazi. Njiani zimepotea habari zote muhimu: kwamba simu haikuwa na mtandao tangu asubuhi, kwamba nafasi ya kuhifadhi ilikuwa imejaa, kwamba fomu za watoto wengine zilipita na ni hii moja tu iliyokwama.

Hitilafu ya programu hii ni ngumu kuinasa kwa sababu imeundwa kufanya kazi bila mtandao. Data hukaa ndani ya simu, kisha hupelekwa mtandao unapopatikana, pengine siku mbili baadaye, mhudumu akiwa ameshuka sokoni. Kosa linaweza kuwa limetokea Jumatatu na kuonekana Jumatano. Mtengenezaji aliye Nairobi au ng'ambo hawezi kulirudia mezani kwake asipoambiwa mambo manne: ni simu gani na toleo gani la programu, ni hatua zipi zilizofuatwa kwa mpangilio, mtumiaji alitarajia nini, na aliona nini hasa. Maneno ya kosa yananakiliwa kama yalivyo, hata kama hayaeleweki. Anayeyaeleza hayo amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kurekebisha, na anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliojenga.

Ipo adabu moja inayozuia haya yote, nayo ndiyo inayohitaji kuangaliwa zaidi. Mtu aliyelelewa kuheshimu wakubwa na wasomi, chombo kikimshinda hujilaumu mwenyewe. Huenda mhudumu akamwambia msimamizi, “Samahani, labda ni mimi nimekosea,” akaijaza fomu upya, ikakubali, na mambo yakaishia hapo. Hitilafu imefichwa na unyenyekevu. Wenzake kumi wa wadi hiyo hiyo wanafanya vivyo hivyo, na kila mmoja anaamini ni peke yake. Dawa yake iko kwa anayepokea: swali la kwanza liwe “Uliona nini?”, kabla ya “Ulifanya nini?” Swali hili la pili, likitangulia, husikika kama mashtaka.

Salamu nazo zina mahali pake. Ukambani mtu haanzi na shida. Anaulizia hali kwanza, na hilo si la kuachwa. Ugumu ni kwamba anayetuma “Habari yako” kisha akangoja kuitikiwa anaweza kungoja hadi kesho, kwa kuwa anayesoma ana ujumbe mwingi na haoni wa kushughulikia. Salamu na jambo lenyewe vikiandikwa katika ujumbe mmoja, heshima inabaki na muda haupotei.

Katika afya kuna adabu nyingine, inayomhusu asiyekuwapo kwenye mazungumzo. Taarifa za hitilafu za programu huria kwa kawaida huwekwa mahali pa wazi, zikasomwa na yeyote duniani. Picha ya skrini iliyopigwa kwa haraka inaweza kuonyesha jina la mama, kijiji chake na ujauzito wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za namna hiyo. Jina linafunikwa kabla ya picha kutumwa, na anayepokea picha isiyofunikwa anaiondoa mara moja kisha anamweleza mtumaji kwa upole, bila kumwaibisha mbele ya kundi.

Upande wa watengenezaji, deni la kwanza ni kujibu, hata kama jibu ni kwamba taarifa imefika na itasomwa wiki ijayo. La pili ni kuelekeza. Maneno ya fomu ya Kenya hayako katika msimbo wa msingi wa Community Health Toolkit. Yako katika mpangilio uliotengenezwa kwa ajili ya nchi hii. Aliyekosea mlango aonyeshwe mlango sahihi, asifungiwe. Ombi lisilowezekana likataliwe waziwazi, kwa sababu iliyoelezwa. Ukali uliwahi kuchukuliwa kuwa alama ya ustadi katika kazi hii, mpaka Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoomba radhi hadharani Septemba 2018 kwa namna alivyokuwa akiwajibu wenzake, akapumzika kwa muda.

Watumiaji nao wanaweza kuumiza. Programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz ilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwaka 2022 watu wa majina yasiyojulikana walimwandama kwa lawama kwamba anachelewa, ingawa aliwaeleza kwamba uwezo wake wa kuishughulikia ulikuwa umepungua. Msaidizi aliyekuja kumpunguzia mzigo alipewa funguo, naye ndiye aliyeingiza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua Machi 2024 baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde. Taarifa yake ilikuwa na vipimo na hatua, na alisema bayana kwamba yeye si mtafiti wa usalama.

Rekebisho likiisha kuandikwa, bado lina safari ya kurudi. Mabadiliko hujaribiwa, huingia katika toleo jipya, toleo husukumwa hadi kwenye simu, na simu isiyo na mtandao hulipata mwisho. Hatua inayosahauliwa zaidi ni kumwambia aliyetoa taarifa. Ujumbe mfupi ushuke kwa njia ile ile, kutoka wizarani hadi Kitui mjini hadi kwa msimamizi, ukisema fomu ya mtoto iliyokwama imetengenezwa, na iliyoonyesha kosa ni taarifa ya mhudumu wa upande wa Mutomo.