Pikapu Kuukuu Itandikwe Mbao

Barabara inayotoka Bigwa na kuzunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki, hupitisha mazao yenye maji mengi: mikungu ya ndizi, mananasi, matenga ya machungwa. Maji hayo yakichanganyika na tope la masika hujificha kwenye mikunjo ya bati la pikapu, na gari la miaka ya 1970 au 1980 hutoboka sakafu wakati injini bado ina nguvu. Hata Land Rover, ambayo tangu 1948 bodi yake ni ya alumini, haisalimiki, kwani alumini huliwa pale inapogusana na chuma penye unyevu. Desturi ni kuchomelea kiraka, na baadaye kiraka juu ya kiraka. Naona ni heri bati hilo ling'olewe lote na gari litandikwe mbao. Sisemi hivyo kwa sababu ya bei, maana mbao nzuri si rahisi. Nasema hivyo kwa sababu sakafu ya mbao iliyoundwa sawasawa hutengenezeka kipande kimoja kimoja, na bati lililooza halina kipande kizima cha kushikia kiraka.

Neno "sawasawa" ndilo lenye kazi. Pikapu za Chevrolet zilizotoka kiwandani Marekani kuanzia 1947 zilikuwa na sakafu ya mbao, na namna ilivyofungwa inastahili kuigwa. Mbao hulazwa kufuata urefu wa gari, juu ya boriti zilizokingama. Kati ya mbao na mbao huachwa mwanya, na juu ya mwanya hupita ukanda wa chuma unaokandamiza kingo za mbao zote mbili. Bolti hupita kwenye ukanda na mwanya hadi kwenye boriti bila kutoboa mbao. Ni bolti za kichwa cha mviringo na shingo ya mraba, ili nati ikikazwa kutoka chini bolti isizunguke. Mwanya huo si uzembe. Mbao hairefuki kwa unyevu kiasi cha kuonekana, ila hupanuka upana. Ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 150 unaweza kuongezeka milimita moja au mbili kutoka kiangazi hadi masika, na mbao kumi zilizobanwa zikagusana zitasukuma kuta za bodi au zitainuka katikati. Fundi anayezibana kabisa mwezi wa Septemba, akidhani anafanya kazi safi, ameshaiharibu. Vivyo hivyo asikaze nati hata moja kabla ya kupima kutoka pembe hadi pembe, kote kuwili, na kuona vipimo vimelingana. Bodi ikikaa mshazari, mlango wa nyuma hautafunga. Chesisi nayo isitobolewe ovyo: kati yake na bodi huwekwa boriti ya mbao au mpira, kisha yu-bolti hushika vyote kwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba kuhimiza mbao chini ya Uluguru ni kuchochea ukataji wa misitu inayolisha Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana sitaji mninga wala mvule. Mkoa huu wa Morogoro una mitiki ya kupandwa; shamba la serikali la Mtibwa lilianza kupandwa 1961. Sakafu ya mita mbili kwa moja na nusu, yenye unene wa milimita 25, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya mita ya ujazo. Mnunuzi adai kiini, kile cha rangi ya kahawia, maana sehemu nyeupe ya pembeni mchwa huila kama mbao nyingine yoyote.

Kuhusu uzito, hesabu haiwaungi mkono wapenda chuma. Sakafu hiyo ya mtiki ina takriban kilo 50; bati nene la milimita 3 kwa eneo hilohilo linafika kilo 70. Ni kweli kwamba bati jembamba la kiwandani ni jepesi zaidi, lakini ndilo hilo lililotoboka. Na kuoza? Mbao huozea mahali maji yanapotuama, na huyanywa zaidi kwenye vichwa vyake vilivyokatwa. Kwa hiyo ubao upakwe mafuta pande zote, na vichwa virudiwe mara mbili, kabla haujafungwa. Vanishi inayong'aa hupasuka juani na kuficha maji chini yake. Oili chafu ya injini, dawa ipendwayo na wengi, nisingeiweka kwenye gari linalobeba ndizi za kuliwa na watu.

Mbao inashindwa kwa mwenye biashara ya mchanga na kokoto. Koleo hukwaruza ubao kutwa nzima, chembe huingia chini ya kanda na kuziba mianya, na unyevu haupati pa kutokea. Huyo na aweke bati nene, avumilie uzito wake, na atoboe matundu ya kutolea maji.