Gari la Kifahari Likaguliwe Likiwa Limepoa

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kibaya kinachojua kujipamba kama kizuri, nacho ni gari la kifahari lililotumika.

Miaka michache baada ya uhuru lugha yetu ilipata neno "wabenzi", yaani wakubwa waliopita ndani ya Mercedes-Benz wakati wananchi wakienda kwa miguu. Leo mambo yamebadilika. Magari ya aina hiyo hushuka thamani upesi, na lililokuwa la mkurugenzi laweza kuuzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida. Mtego uko hapo hapo. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya spea zake haikushuka pamoja nayo.

Mjomba wangu alistaafu ualimu akalipwa kiinua mgongo. Haukupita mwezi akaniita. "Mjomba, njoo uone mali," akasema. Dalali mmoja hapa Dar es Salaam alikuwa na sedani ya Kijerumani, nyeusi, viti vya ngozi, na mita ikisoma kilomita 92,000 tu. Mjomba alikusudia kuikodisha kwa maharusi, na fedha alizokuwa nazo zilitosha gari hilo bila kubaki akiba.

Nikaenda na fundi wangu. Hakutazama rangi wala redio. Aliweka kiganja juu ya boneti, akatabasamu. "Mzee, gari hili limekwisha kuwashwa kabla hatujafika," alimwambia mjomba. "Tutarudi kesho alfajiri, na mtu asiliguse."

Msikilizaji, hilo ndilo somo la kwanza. Injini ikishapata moto huficha maradhi mengi. Ikiwa imelala usiku kucha, dakika tano za mwanzo husema kweli. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi katika gari la petroli ni dalili ya petroli kuzidi. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi ni mvuke tu, lakini usipokatika injini ikishapata joto, yaelekea maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Kesho yake gari lilitoa moshi mweupe usiokatika. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akakuta utando kama maziwa ya mgando. Maji ya rejeta nayo yalikuwa yamepungua. Mambo hayo matatu kwa pamoja yalimwelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Akavuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi otomatiki. Oili hiyo katika gari la namba ile huwa nyekundu ikiwa nzima. Hii ilikuwa ya kahawia, na ilinuka kuungua.

Kisha akatufundisha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Unapofungua swichi, taa za onyo za ABS na za mifuko ya hewa lazima ziwake kwanza, halafu zizimike zenyewe. Taa isiyozimika inaonyesha hitilafu. Taa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka zaidi, maana yawezekana mtu ameiondoa balbu ili usione. Katika gari la mjomba, moja haikuwaka. Na mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma. Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini wanaokumbuka kubadilisha mpira wa pedali si wengi.

Tena, kila aina ya gari ina ugonjwa wake unaojulikana, nawe uuulizie kabla ya kwenda kulitazama. Mercedes za W124, zilizosifiwa sana kwa uimara, nyingi za miaka ya mwisho kabla ya 1995 zilifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake hukauka na kupukutika kwa joto. Mercedes S-Class za W220, zilizotoka kuanzia 1998, hubebwa na shokapu za hewa. Ukilikuta asubuhi limeinama upande mmoja, hewa inavuja. Toyota Crown na Mark II zenye injini ya 1JZ hutumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji akisema umebadilishwa, mwombe risiti.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, andika namba ya chesisi, nenda maduka ya spea ya Kariakoo, uulize bei ya gasketi, shokapu, pampu ya maji na ukarabati wa giaboksi. Jumlisha. Kisha linganisha namba ile na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na uhakikishe kwa mamlaka ya mapato kwamba anayeuza ndiye mwenye gari, tena halidaiwi na benki.

Mjomba alifanya hesabu hiyo akakuta kwamba matengenezo yangekaribia nusu ya bei ya gari lenyewe. Alininunia wiki mbili, kwa sababu alikwisha watangazia majirani. Baadaye alipata gari jingine la kampuni ileile, la zamani zaidi, rangi imepauka na kiti cha dereva kimechanika. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mstaafu aliyelitunza miaka kumi na mmoja, na risiti zote za gereji alikuwa amezihifadhi kwenye faili. Fundi alisoma faili lile nusu saa nzima kabla hajafungua boneti. Mjomba alilipa, akabakiwa na fedha za kupiga rangi na kushona kiti.

Wasikilizaji wangu, rangi hupigwa kwa siku tatu. Matunzo ya miaka kumi hayanunuliwi dukani. Ukienda kununua gari la kifahari, omba faili kwanza, na ufike kabla jua halijachomoza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.