Usingoje Tumbo Livimbe: Kansa ya Utumbo Mkubwa na Kazi ya Kisu



Mchimbaji yeyote anajua hivi: maji yakianza kuchuruzika katika ukuta wa shimo, hangoji ukuta uanguke. Anatoka na kumwita kapita. Lakini mtu huyohuyo akiona damu katika choo, ananyamaza. Anaona haya. Anasema ni bawasiri, ni amiba, itapita. Mara nyingi ni hivyo kweli. Mara nyingine ni kansa ya utumbo mkubwa, na yule anayengoja anafikishwa hospitali tumbo limekaza kama ngoma.

UGONJWA HUU NI NINI?

Kansa hii huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo mkubwa, au karibu na njia ya haja kubwa. Mwanzoni hakiumi. Hukua polepole, mara nyingi kwa miaka. Kisha hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika tezi za jirani, na mwishowe damu huchukua mbegu zake mpaka kwenye ini na mapafu.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Maneno hayo yana asili yake. Mganga Denis Burkitt, aliyeanza kazi ya upasuaji Uganda mwaka 1946, aliona kwamba watu wa vijijini huupata mara chache. Alifikiri ni kwa sababu ya chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi. Basi, endelea kula sombe, maharagwe na matunda. Lakini mara chache si kusema hakuna. Hata anayekula sombe kila siku anaweza kuupata, hata kijana.

KISU KINAFANYA NINI?

Mganga hukata sehemu yenye ugonjwa pamoja na tezi zake, kisha huunga ncha mbili za utumbo. Utumbo ukiwa umeziba au umetoboka, kuunga papo hapo kunaweza kuwa hatari. Hapo mara nyingi hutumia njia aliyoieleza Mfaransa Henri Hartmann mwaka 1921: hukata, hufunga ncha ya chini, na ncha ya juu huitoa nje kwenye ngozi ya tumbo. Choo hutokea hapo, katika kifuko. Miezi kadhaa baadaye, hali ikiruhusu, utumbo huungwa tena.

Mama, usimtenge mume wako kwa sababu ya kifuko. Nawe baba, usimtenge mke wako. Si laana wala uchawi. Ngozi husafishwa kwa maji safi, kifuko hubadilishwa, na mtu hula, hutembea, hukaa na wenzake. Mizigo mizito asibebe mpaka mganga aruhusu.

JE, MTU ATAPONA?

Hesabu za Marekani zinatuonyesha hivi. Kati ya watu 100 ambao kansa yao ilipatikana ingali ndani ya utumbo, kama 90 huwa hai baada ya miaka 5. Ikiwa imefika kwenye tezi au viungo vya jirani, ni kama 70. Ikiwa imefika mbali, katika ini au mapafu, ni kama 15 tu. Huko dawa na mashine ni nyingi. Kwetu ni vigumu zaidi.

Lakini hata kwa aliyechelewa, mlango haujafungwa kabisa. Madoa katika ini yakiwa machache, na mganga wa hospitali kubwa akiweza kuyatoa yote, kama 40 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ini lililokatwa hukua tena. Na pale ambapo kupona hakuwezekani, kufungua njia ya choo huondoa kutapika na maumivu ya kuziba, na mgonjwa hupata siku za kukaa na watoto wake. Dawa ya maumivu ni haki yake mpaka mwisho.

UFANYE NINI?

1. Ukiona damu, au choo kimebadilika zaidi ya wiki 3, au unakonda na kuishiwa nguvu, nenda kituo cha afya. Usione haya kupimwa kwa kidole: kansa iliyo karibu na njia ya haja kubwa mara nyingi huguswa hivyo.

2. Ukitibiwa amiba na damu haikomi, rudi. Usirudie vidonge vya sokoni. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa.

3. Tumbo likivimba, hewa haitoki, unatapika: hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku. Usinywe dawa ya kuharisha, wala usitiwe dawa za miti kwa njia ya nyuma. Utumbo unaweza kupasuka.

4. Wewe uliye Obokote, njia ya hospitali ni ndefu, na mvua huifanya ndefu zaidi. Ondoka mapema, ungali na nguvu. Fuatana na ndugu wanaoweza kukutolea damu.

Ukuta ukitoa maji, unamwita kapita. Choo kikitoa damu, mwone mganga.