Je, Wajua? Maji ya Kufulia na Mnazi wa Diani

Maji ya visima vya Diani hula sabuni. Yamepita kwenye jiwe la matumbawe yakabeba kalsiamu, ambayo huinasa sabuni na kuigeuza utando mweupe ukingoni mwa beseni kabla povu halijatoka. Wapo wanaosema maji hayo yakishatumika kufulia huua mimea. Hofu yao ina msingi: sodiamu ya sabuni ya unga huziba udongo wa mfinyanzi. Lakini mchanga wa pwani huipitisha upesi, na mnazi huvumilia chumvi. Wanafunzi wa Msambweni wakitaka mradi wa kumwagilia minazi kwa maji hayo, waanze na maji ya kusuuzia ya mwisho, wayamwage shinani mwa mnazi, mbali na kisima, siku hiyohiyo; yakilala, bakteria humaliza oksijeni, yakanuka mayai viza.